Piorun ilikuwa ya Wapoland

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kuzamishwa kwa Bismarck, manowari kubwa ya Kijerumani, inasema kwamba usiku wa Mei 26, 1941 iliandamwa na "destroya tano za Kiingereza", yaani manowari ndogo zenye kasi. Nne ni kweli: Cossack, Maori, Sikh na Zulu. Ya tano ilikuwa Piorun, na hiyo ilipeperusha bendera ya Poland.

Kuundwa, iliundwa Uskoti, katika kiwanda cha John Brown pale Clydebank, na ilikuwa iitwe HMS Nerissa. Lakini Wapoland walikuwa wamepoteza destroya yao Grom huko Narvik, Norwei, mwezi Mei 1940, na manusura wakabaki bila chombo huku kwao kumekaliwa na Wajerumani. Novemba mwaka huohuo wakakabidhiwa Piorun. Machi 13 na 14, 1941, ndege za Kijerumani zilipoimwagia Clydebank mabomu, meli ilikuwa imerudi palepale kwa matengenezo. Mabaharia wakaelekeza mizinga juu wakafyatua wakiwa humo humo kiwandani. Watu wa mji ule wamewawekea mnara wa kumbukumbu.

Na Bismarck je? Piorun ndiyo iliyoiona kwanza kati ya zile tano, mnamo saa nne na nusu usiku. Kamanda Eugeniusz Pławski akaikabili, mizinga ya milimita 120 mbele ya mizinga ya milimita 380, wakarushiana makombora karibu saa nzima. Hakuna aliyempata mwenzake. Wako wanaotia chumvi kana kwamba Wapoland ndio walioizamisha. Sivyo, waliipoteza gizani, na mafuta yakawalazimu kuondoka kabla haijazama. Lakini kutia chumvi ni afadhali kuliko kuwafuta kabisa.

Mwaka 1946 meli ilirudishwa kwa Waingereza, wakaiita HMS Noble. Jina hilo lilikuwa wazi kwa sababu Noble ya kwanza, destroya ya muundo uleule, walishawapa Waholanzi ikawa Van Galen. Huenda mwandishi wenu alichanganyikiwa hapo, simlaumu sana. Piorun yenyewe ilikatwa chuma chakavu mwaka 1955.

Mmeahidi kwamba sehemu ijayo itahusu meli zilizohamia Kilindini mwaka 1942. Humo mtazikuta Napier, Nizam na Norman, dada zake Piorun, yaani za muundo mmoja nayo. Hizo nazo zilikuwa mali ya Uingereza, ila zilikuwa katika jeshi la majini la Australia. Tafadhali msituandikie tena "za Kiingereza".

Msomaji wenu,
Mombasa