YAH: Maelezo ya kupotosha kwenye tyubu ya gundi yenu ya gasketi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mimi ni fundi wa pikipiki. Tyubu yenu ya gundi hii ya kuziba maungio ya injini imeandikwa "Yafaa injini nzima". Niliyaamini maneno hayo, na baada ya siku nne injini ya mteja ilirudi mezani kwangu ikivuja oili.

Kazi ilikuwa kuunganisha nusu mbili za krenkesi, yaani ganda la chini la injini. Kwenye pikipiki nyingi hapo hapawekwi gasketi ya karatasi; kinachozuia oili ni gundi peke yake. Nilikwangua gundi ya zamani, nikafuta pande zote mbili kwa asetoni mpaka kitambaa kikatoka kisafi, nikapaka utando mwembamba, kisha nikakaza bolti kidogo kidogo kwa kupishanisha. Mmeandika injini iwashwe baada ya saa moja. Mimi nilisubiri mbili.

Nilipofungua tena, gundi ya ukingoni ilikuwa imekauka, lakini ya katikati bado ilinata kidoleni. Gundi hii ni silikoni, na silikoni ya aina hii hukaushwa na unyevu wa hewa, na kati ya vyuma viwili vilivyobanwa hewa hupenya kutokea pembeni tu. Ningeambiwa nisubiri saa 24, ningesubiri. Kibaya zaidi, nyuzi za gundi zilikuwa zimeng'oka upande wa ndani na kunasa kwenye chujio la pampu ya oili. Niliziokota moja moja kwa kibano. Chujio hilo likiziba, oili haifiki kwenye kichwa cha silinda, na kamshafti, mhimili unaofungua vali, inasagika kabla mwenye pikipiki hajashtuka.

Halafu kuna harufu ya siki, ambayo nisingeweza kuijua kabla ya kufungua tyubu. Hiyo ni asidi inayotoka gundi inapokauka, na inakula shaba ya nyaya na vihisio. Silikoni zisizotoa asidi zipo, na kwa injini ndizo ninazochagua siku zote. Tyubu yenu haisemi ni ya aina gani.

Mmedai pia kwamba inahimili petroli. Nilichukua kipande kilichokauka siku tatu, nikakilaza usiku kucha kwenye kikopo cha petroli. Asubuhi kilikuwa kimevimba, nikakikata kwa kucha. Fundi atakayeliamini dai hilo kwenye karbureta ataacha petroli inavuja juu ya injini ya moto. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko hasara yangu.

Naomba mnirudishie bei ya tyubu na gharama ya oili niliyomwaga, maana kazi ya pili nilimfanyia mteja bure. Naomba pia mwondoe maneno "injini nzima" na dai la petroli, mwandike aina ya silikoni na muda halisi wa kukauka, na muwajulishe wauzaji wenye tyubu za sasa.

Tyubu iliyobaki, yenye namba ya toleo, pamoja na nyuzi nilizotoa kwenye chujio ninazo. Nitazituma mkizihitaji.

Wenu,
Fundi wa pikipiki