Salamu za Idd kutoka Makina

Assalamu alaykum jamaa, majirani na marafiki, mlio karibu na mlio mbali. Idd Mubarak. Mola atutakabalie saumu na sala zetu, awarehemu waliotutangulia, na awaponye wale ambao maradhi yaliwazuia kufunga mwaka huu.

Nawaandikia usiku huu kutoka Makina, mtaa wetu hapa Kibra, Nairobi, mwezi ukiwa umeshaandama. Takbiri za msikitini zinaingia dirishani, unga wa gurusa, chapati zetu za Kinubi, umekorogwa na kufunikwa, na watoto wamekataa katakata kulala. Kila mwaka nawatumia salamu za mistari miwili. Safari hii nina jambo moyoni, na najua wengi wenu mnalea watoto wa rika la wangu.

Binti yangu ana miaka 15. Katika kumi la pili la Ramadhani alinijia na ombi. Wenzake watatu wa shule wangekuja kula Idd kwetu; je, tungeweza kuziondoa zile tabaga ukutani kabla hawajafika? Kwa wasomaji wasio Wanubi, tabaga ni kawa la kufunikia chakula, ila letu husukwa kwa rangi nyingi hata likastahili kutundikwa sebuleni. Kwetu ziko saba, zote kazi ya mkono wa mama yangu. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Na haboba asivae gurbaba siku hiyo, mama. Avae buibui tu kama watu wengine." Haboba ni bibi yake, mama yangu; gurbaba ni vazi letu la Kinubi la kujifunga.

Damu ilinichemka. Nilishafungua kinywa kumkaripia, nikajikumbuka nilipokuwa na umri huo huo. Siku moja mama alinikuta njiani karibu na soko la Toi, niko na wenzangu wa darasani, akanisalimia kwa Kinubi. Nilimjibu kwa Kiswahili, tena kwa mkato, nikatangulia mbele yake hadi nyumbani kana kwamba sisi si wa nyumba moja. Hakunigombeza. Aliniandalia chai. Mpaka leo chai ile inanikaa kooni.

Na haya hii, jamani, haikuanzia kwenye kawa. Mtoto wa Kinubi hapa Nairobi huulizwa mapema sana: kwenu wapi? Mwenzake atataja Machakos, mwingine Siaya, na Desemba ikifika watapanda basi kwenda huko. Wetu anataja Kibra. Anaambiwa, hapana, kwenu hasa. Lakini Kibra yenyewe ni neno letu, maana yake msitu, kwa kuwa ndivyo wazee walivyoikuta. Walikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, asili yao Sudan, na wakoloni wakawakalisha hapa mwanzoni mwa karne iliyopita bila kuwapa hati. Hati ya ardhi ya jamii tuliipata mwaka 2017: ekari 288, katika zile zaidi ya 4,000 za mwanzo. Vijana wetu, wakitimiza miaka 18, kwa muda mrefu walipelekwa mbele ya kamati kuhojiwa kabla ya kupewa kitambulisho. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi. Niliposoma uamuzi ule nililia, maana mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Sasa mtoto anayekua akiulizwa swali hilo, akitamani kufanana na wenzake japo kwa siku moja, nitampigia kelele kwa lipi?

Nikampelekea mama lile ombi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Azitoe mwenyewe. Ila azitoe moja moja, nimweleze."

Basi usiku ule baada ya tarawehe wakaanza, mmoja juu ya stuli, mwingine mkekani. Ya kwanza mama aliisuka akiwa na mimba yangu. Ya pili alifundishwa na bibi mmoja wa Lindi, mtaa wa hapa hapa Kibra, jirani aliyekuwa akiifumua kila alipokosea, akimwambia aanze upya kutoka kitovuni. Ya tatu ina mstari mweusi usiofika mwisho. Alikuwa akiisuka babangu alipofariki, akauacha vile vile. Daku ilitukuta wakiwa bado kwenye hiyo ya tatu. Mjukuu alikuwa ameshuka kwenye stuli zamani, amekaa, tabaga iko mapajani, kidole chake kinafuata ule mstari hadi unapokatika.

Sitawaambia kwamba haya ilimwisha. Tabaga nne ameziweka chumbani kwa haboba, na kesho hazitaonekana. Tatu zimebaki ukutani, ile ya mstari mweusi ikiwa katikati. La gurbaba hakulitaja tena. Leo magharibi, mwezi ulipotangazwa, alitoka chumbani kwa bibi yake akiwa amejifunga gurbaba ya kijani, shingo imenyooka, akapita sebuleni, akarudi, akapita tena. Nilimpiga picha. Papo hapo akanishika mkono: "Mama, usiitume popote. Naomba." Nikamwahidi. Basi msiniombe picha, sitaitoa.

Wazazi wenzangu, katika Idd hii naombea nyumba zetu subira ya mama yangu, ambayo mimi sikujaliwa. Walio na zakatul-fitri mkononi waitoe kabla ya sala, jirani naye apate cha kupika. Watoto wasikose mkono wa Idd, hata kama ni shilingi hamsini.

Kesho tukishatoka kusali mlango utakuwa wazi, gurusa zitakuwa moto, na haboba atavaa gurbaba yake ya manjano, maana kwa hilo habadilishi nia. Karibuni nyote. Nawaomba kitu kimoja tu: mkimkuta binti yangu amevaa ya kijani, msimsifu mbele ya wageni wake. Subirini waondoke, ndipo mumwambie.