Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: watoto wa mbuzi, mabanda yao na kuachisha kunyonya

Ndugu wanachama, wazee wangu, mama zangu na vijana wote, mliokuja na mliobaki kwenye bustani za kabichi, salamu. Mahesabu ya ada na mfuko wa dharura atayasoma mhazini mwenyewe. Beberu wa kikundi yupo, ana afya, zamu zinaenda, ila kuna wanaochelewa kumrudisha na hilo tutalimaliza kikaoni. Mimi leo muda wangu wote nauweka kwenye watoto wa mbuzi kwasababu mwaka huu hapo ndo nimeumia na hapo ndo nimejifunza.

Tokea SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, walete mbuzi wa maziwa wa Norwei huku kwetu Mgeta, milima ya Uluguru, miaka ya 1980, akili yetu yote iko kwenye maziwa, na simlaumu mtu, maziwa ndo daftari na sare za shule. Sasa mtoto wa mbuzi akifika miezi miwili hivi tunamuona kama anatunyang'anya, basi asubuhi moja tunamtoa kwa mama yake tunamfungia kibanda cha nyuma peke yake, chini mbao tupu, ukuta pande zote, tunasema atazoea. Mwezi wa tatu nilifanya hivyohivyo kwa mtamba wangu mmoja, yaani jike mchanga. Alilia siku tatu usiku na mchana mpaka sauti ikakauka, mama yake anamjibu kutoka banda kubwa, pumba hakugusa, siku ya tano akaanza kuhara na wiki mbili hazijaisha nikamzika nyuma ya migomba. Dawa nilimpa, banda nilifagia. Mimi naamini nilimvunja kwa kumnyima kila kitu siku moja, maziwa, mama, wenzake na sehemu aliyoizoea.

Bwana mifugo alinielewesha vizuri. Vijidudu vya koksidia karibu kila mbuzi anavyo tumboni, mtoto akiwa ametulia na anakula vizuri mwili unavizuia, akipata mshtuko wa kuachishwa na sakafu ina unyevu vinamzidi nguvu, ndio maana vifo vingi vya kuhara vinakuja umri uleule wa kuachisha. Kwahiyo kile kilio sio kudeka jamani. Mbuzi ni mnyama wa kundi, mtoto na mama wanajuana kwa harufu na kwa sauti, ukimweka peke yake anateseka kwelikweli na utaliona, anazunguka ukutani, analamba mbao, wakiwa wawili watatu wanaanza kunyonyana masikio na vitovu.

Baada ya pale baadhi yetu tukajaribu njia nyingine. Wiki mbili za kwanza kabisa za kuachisha mtoto anatengwa usiku tu, upande wa pili wa fito ambapo anamuona mama na kumnusa, asubuhi unakamua kwanza halafu unamrudisha anyonye kilichobaki na kushinda naye. Halafu unapunguza, ananyonya mara moja kwa siku, baadae siku moja moja unaruka, mpaka mwenyewe anakuwa anategemea majani. Faida nyingine ni kwamba hata kiwele cha mama kinapungua taratibu, hakijai ghafla kikauma. Na msihesabu miezi peke yake, chukueni mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza viazi pale sokoni Nyandira, mtoto aliyezaliwa na kilo 3 asiachishwe kabla hajafika kilo 7 na nusu hivi, na hata akifika mwangalie kama anakula majani na pumba na kucheua. Wiki hiyohiyo ya kuachisha usimhasi, usimkate pembe, usimhamishe banda, na kama una mmoja tu mpeleke mapema, kabla ya wiki hiyo, kwa jirani mwenye wa umri wake wakae wote.

Sasa mabanda. Hapa nasema kwa furaha maana sijawahi kuona kitu cha bei ndogo kinachobadilisha mnyama hivi. Mbuzi ameumbwa kupanda, na sisi tunamweka kwenye kichanja kitupu kama gunia la karoti! Niliweka gogo moja, tairi bovu na kiubao cha kupandia ukutani, kesho yake jioni watoto walikuwa wanaruka, wanajipindua hewani, wanasukumana kushindania nani akae juu, na mnyonge wao akipigwa kichwa anaingia chini ya ubao anapumzika. Hakikisheni chini ya huo ubao kuna njia mbili za kutokea asije akabanwa humo. Wale wa wiki ya kwanza wawekeeni kona yenye boksi au kizuizi na nyasi kavu, maana mtoto wa mbuzi siku zile asili yake ni kujificha na kulala kimya, na upepo wetu wa usiku unaopita chini ya kichanja unamaliza joto lake. Nafasi kati ya mbao za sakafu iwe nusu inchi, ikizidi kile kimguu kinazama.

Mwenye uwanja apange mawe makubwa, yanasaidia kusaga kwato. Matawi ya lusina, ule mti wa malisho, yaning'inizwe juu kidogo wajinyooshe kama wako porini, ila kamba iwe fupi isiwafunge shingo. Na tafadhali sana, nawaomba, matawi ya plamu na mipichi yaliyonyauka msiwape, najua tunayo mengi baada ya kupogoa lakini yakinyauka yanatoa sumu inayoua mbuzi haraka sana.

Kuna mama mmoja wa bondeni aliniuliza, mwenyekiti, haya maziwa ya wiki hizo zote nani ananilipa? Swali la haki kabisa. Nilimjibu mtamba wangu niliyemzika angekuwa anakaribia kupandwa saivi, na maziwa yake ya miaka yote yamezikwa nae. Yeye alichagua kuanza na kutenga usiku tu, asubuhi anapata maziwa yake na mtoto anashinda kwa mama, nadhani hapo ndo wengi wetu tutaweza kuanzia.

Jumamosi ijayo saa 3 asubuhi tukutane kwangu na panga, misumari na mbao chakavu ulizonazo, tutaanza na mabanda ya wale wenye mbuzi wanaokaribia kuzaa. Tairi ninazo nne, wa kwanza kufika ndo wachukue.