Usimtoe Neema chuoni

Mama Neema mpendwa,

Salamu za hapa ni njema, mvua zimeanza, mama anaendelea vizuri. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Ati mwalimu wa Neema aliipunguza ndege mwendo makusudi hadi mabawa yakashindwa kuibeba, ikaanza kudondoka, ndipo akamwambia binti airudishe. Nawe tangu siku hiyo hulali, unataka kumtoa chuo cha urubani. Nakuomba, usimtoe.

Kulikuwa na Mwingereza mmoja, Robert Smith-Barry, rubani wa jeshi. Agosti 1914 ndege yake ilianguka huko Péronne, Ufaransa. Mwenzake akafa, yeye akavunjika miguu yote miwili, na bado akarudi angani. Mwaka 1916 aliongoza Kikosi cha 60, akawa anapokea vijana waliorushwa saa chache tu halafu wakapelekwa vitani. Aliwalalamikia wakubwa wake kwa barua mpaka wakampa kituo cha Gosport, huko Uingereza, afundishe atakavyo.

Akamkalisha mwanafunzi kwenye kiti cha rubani mwenyewe, ndani ya ndege aina ya Avro ambayo mwalimu naye ana usukani wake, wakizungumza kwa bomba la mpira lililofika sikioni. Kisha akawapeleka pale pale walipopaogopa. Ndege ikizunguka kama pia kwenda chini, marubani wengi waliona ndiyo basi tena. Gosport mwanafunzi aliiingiza humo kwa mikono yake, kisha akaitoa: usukani mbele, pedali ya upande wa pili. Mwaka 1917 Gosport ikawa shule ya kufundisha walimu wenyewe.

Unaikumbuka ile siku ya Soni, gari lilipoteleza kwenye kona na tope? Aliyenifundisha udereva alikuwa akininyang'anya usukani kila tairi likiyumba. Siku ile nilikuwa peke yangu na wanao nyuma, mguu umeganda kwenye breki, sijui nifanye nini. Mti ndio uliotuzuia. Sitaki Neema ayajue hayo kwa mara ya kwanza akiwa peke yake huko juu.

Walikuwa juu kiasi gani walipofanya zoezi lile? Mwalimu wake amefundisha miaka mingapi? Baba yake anasemaje? Na Neema, alipokuwa anakusimulia, sauti yake ilikuwaje, ya mtu aliyeogopa au aliyefurahi? Hukuniandikia hilo, nami ndilo ninalotaka kulijua.

Wako,
Mama Daudi