Barua ya wazi kwa wadogo zangu madereva mliovuka hamsini

Kamwene kwa mlio upande wa Iringa na Njombe, mugonile kwa watu wa Tukuyu na Kyela, na nyie wengine wote mnaonidai salamu nasema marahaba. Naandika nikiwa Uyole, mvua ya toka asubuhi haijakata, mama watoto kaniwekea chai ya maziwa ambayo haina sukari na huko mbele nitasema kwa nini haina. Nina miaka 71, kati ya hiyo 34 nimekaa nyuma ya usukani Dar Tunduma, Dar Tunduma, kwa hiyo msinione mshamba wa haya mambo.

Nataka kuongea lile mnalocheka nalo kwenye foleni ya mizani. Jogoo hapandi mtungi, yaani nguvu za kiume zimegoma. Mmoja analitupa, wote mnaangua kicheko, afu kila mtu akirudi kwenye kabini yake anawasha sigara anawaza la kwake. Na mi nilikuwa hivyo hivyo.

Kilichonifanya nishike simu niandike ni dogo mmoja, namwita dogo ila ana 58, mi ndo nilimfundisha gari akiwa utingo wangu. Kaja juzi kakaa hapa barazani, kazunguka wee, habari za mahindi, habari za bei ya mbolea, mwisho akasema kaka nataka kuchoma sindano ya testosteroni, ile homoni ya kiume, nimeambiwa sisi watu wazima imetuishia. Nikamuuliza umepima sukari? Hajapima. Presha? Hajapima. Hiyo testosteroni yenyewe umepima? Akaguna tu. Sasa nani kakwambia imekuishia, kakuangalia machoni akaona?

Mnaijua Kitonga, ule mlima wa Iringa. Gari imepakia, unaanza kupanda, inakata pumzi, unashusha gia mpaka huna ya kushusha. Dereva mgeni anakwambia injini imekufa, anaitwa fundi anafungua injini nzima pale pembeni ya barabara, hela ya bosi inateketea, kumbe filta ya dizeli imejaa uchafu. Injini nzima, ila dizeli haifiki. Wengi wetu tuko hapo.

Testosteroni inatengenezwa kwenye korodani kwa amri inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na kazi yake kubwa kwenye mambo ya chumbani ni kuleta hamu. Kweli ukishavuka thelathini na kitu inashuka polepole, kama asilimia 1 kwa mwaka, lakini kushuka na kuisha ni vitu viwili, kuna wazee wa 75 kiwango chao kiko vizuri tu. Sasa kusimama ni habari ya damu. Mishipa inafunguka, damu inajaa, inakaa humo. Kama mishipa imekakamaa kwa sukari, presha na sigara, hata uwe na testosteroni ya kijana wa 20 damu haifiki, na mishipa ya kule chini ni myembamba, milimita 1 hadi 2, wakati ile ya moyo ni 3 hadi 4. Uchafu ni ule ule, sasa wapi kunaziba kwanza? Ndo maana madaktari wanasema mtu anaweza akaanza kushindwa chumbani miaka 2 mpaka 5 kabla moyo wenyewe haujaanza kumsumbua. Hiyo isomeni mara mbili. Wewe unaona aibu kumbe ni taa nyekundu imewaka kwenye dashibodi.

Na usijione uko peke yako. Marekani, huko Massachusetts, waliwauliza wanaume wa miaka 40 hadi 70 kati ya mwaka 1987 na 1989, asilimia 52 walikuwa na hili tatizo, wengine kidogo wengine kabisa. Zaidi ya nusu. Siku ukikaa mizani hesabu malori yaliyo mbele yako, afu gawa kwa mbili.

Yangu ilianza nikiwa na 57. Sikumwambia mtu. Nilichokuwa nafanya, na hapa mtanicheka, nikitoka safari ikifika saa 2 usiku naanzisha ugomvi, chumvi imezidi, hela niliyoacha imeenda wapi, nani kahamisha redio yangu, ili tu tulale kila mtu kageukia ukuta wake. Miezi inaenda. Mama watoto yeye anajua moja tu, nina mwanamke Tunduma. Na nikamwacha aamini hivyo hivyo, maana kwa akili yangu ya wakati ule bora nionekane malaya kuliko nionekane nimekwisha. Fikirieni ujinga huo.

Nikanunua unga wa nguvu za kiume stendi, kwa hawa hawa wa vumbi la Kongo, stendi gani sisemi. Nikalamba. Siwadanganyi, ulifanya kazi, ila kichwa kiligonga kama nyundo, uso umeiva, pua zimeziba, moyo unakimbia, nikakesha nimeshika kifua huku mwenzangu analala fofofo. Baadaye sana daktari akaniambia dalili hizo ndo zile zile za sildenafili, vile vidonge vya bluu, na hizi zinazouzwa kwa jina la dawa asili zikipelekwa maabara huko duniani zimekutwa mara nyingi zimechanganywa na sildenafili kimyakimya, bila kipimo, leo kidogo kesho mara tatu. Kwa hiyo unamshukuru babu wa Kongo kumbe umelamba kidonge cha kiwandani kilichosagwa.

Kilichoniokoa ni mkojo. Usiku naamka mara 4, mara 5, kiu haiishi, nikajua tayari hii ni tezi dume. Nikaenda kituo cha afya asubuhi sijala kitu, nesi akanitoboa kidole, mashine ikasoma 14. Ukiwa hujala ikifika 7 kwenda juu na wakirudia kupima ikawa hivyo basi hicho ni kisukari, mi ndo nina 14. Presha 170 kwa 100. Daktari kijana, umri wa mwanangu wa tatu, akaniuliza na chumbani vipi mzee, kaniuliza kama anavyouliza kikohozi, hata hakuinua kichwa kwenye karatasi. Nikajikuta nimesema kila kitu. Nilikuwa sijawahi kulisema kwa sauti.

Nyumbani nikamwambia mama watoto. Akanyamaza, akaniuliza kwa hiyo huko Tunduma hakuna mtu? Nikasema hakuna. Akacheka mpaka akakaa chini, afu akaanza kulia, akaniambia wewe mzee ni mjinga, miaka miwili namlaani mwanamke ambaye hayupo.

Haya, testosteroni. Sisemi ni uongo, kuna watu kweli imeshuka mpaka inaleta shida. Dalili zake angalia hivi: hamu yenyewe imekufa, hata ukiachwa huru huwazi, ule msimamo wa alfajiri umepotea kabisa, nywele za mwili zinapungua, misuli inalegea, unachoka bila kazi. Kama hamu unayo ila mwili haujibu, anza kushuku mishipa. Na kama alfajiri iko vizuri ila mbele ya mama inagoma, hapo shuku kichwa, madeni, msongo, kununiana. Kipimo chake ni cha damu, kinachukuliwa asubuhi, tuseme kati ya saa 1 na saa 4, ukiwa hujala, kwa sababu homoni hii inakuwa juu asubuhi na kushuka jioni, na kikitoka chini kinarudiwa siku nyingine, siku moja haitoshi. Huko Marekani madaktari wa njia ya mkojo wanaweka mstari kwenye nanogramu 300 kwa desilita. Ukipima saa 10 jioni umetoka safari hujalala na malaria juu, itatoka chini tu, hata ya simba ingetoka chini.

Na hapo kwenye kulala, madereva, hili letu hili. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago walichukua vijana wazima kabisa wakawalaza masaa matano tu kila usiku kwa wiki moja, testosteroni ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Wiki moja, vijana. Sasa wewe mwenye 55 unayetoka Dar usiku, unalala masaa matatu Mikumi, masaa mawili Mafinga, na kinywaji cha kuongeza nguvu mkononi. Afu kitambi. Mafuta ya tumboni yanaigeuza testosteroni yako kuwa estrojeni, ile homoni ya kike, kwa hiyo kadiri kitambi kinavyotangulia ndo homoni inavyobaki nyuma. Chipsi mayai na soda mbili kila kituo, jioni ulanzi wa Iringa, ukifika Mbeya komoni. Mi nilipunguza kilo 11 kwa mwaka, natembea Uyole mpaka Igawilo kwa mguu, sigara niliacha kwa mbinde, sukari ikashuka, na mambo yakarudi. Siyo ya miaka 25, msije mkanibebesha sifa, ila yalirudi.

Wengine mnakimbilia supu ya kende za ng'ombe. Kuleni kama mnapenda supu. Lakini testosteroni ilipopatikana mara ya kwanza yenyewe tupu, mwaka 1935 kule Amsterdam, walisaga kilo 100 za korodani za madume ya ng'ombe wakatoa miligramu 10. Punje ya chumvi hiyo. Na kabla yao, 1889, kulikuwa na profesa mmoja Paris, Brown-Séquard, ana miaka 72, akakamua maji ya korodani za mbwa na za simbilisi, hawa hawa simbilisi wajukuu zetu wanaowafuga jikoni, akajidunga, akatangazia dunia nzima kwamba amerudi ujana. Watu wakagombania. Kumbe hiyo homoni haiyeyuki vizuri kwenye maji, alijidunga maji tu na imani yake. Alikufa 1894. Nikiona watu wamejazana kwenye gari la spika linalouza dawa pale Mwanjelwa huwa namkumbuka profesa.

Sindano au jeli ya testosteroni ipo kihalali, kwa ambaye vipimo vimesema. Ila inaandikwa na daktari na inafuatiliwa, maana inaweza kufanya damu kuwa nzito, lazima waangalie tezi dume kwanza, na ukichoma ya nje korodani zako zinaona hakuna haja ya kufanya kazi, mbegu zinapungua mpaka zinaweza kuisha. Nyie mliooa mke mdogo na mnatafuta mtoto, sikieni hapo.

Vidonge, yaani sildenafili na ndugu yake tadalafili, ni dawa nzuri, sizisemi vibaya. Waliitafuta Uingereza kwa maumivu ya kifua ya moyo, wakaona inaleta jambo lingine, Marekani wakairuhusu 1998. Inataka kama saa moja kabla, inataka na hamu iwepo, na usimeze baada ya nusu kilo ya kitimoto maana mafuta yanaichelewesha, afu unasema feki. Kubwa kuliko yote ni hili, kama unatumia dawa za moyo za naitreti, zile nyingine zinawekwa chini ya ulimi kifua kikibana, usiguse kabisa, presha inaporomoka mtu anakwenda. Na ikisimama zaidi ya saa 4 haishuki usiwapigie wenzako simu kujisifu, nenda hospitali.

Kuna wanaoacha dawa za presha kwa sababu zinaua nguvu. Kweli baadhi zinaweza kuchangia, lakini zipo aina nyingi, mwambie daktari akubadilishie. Jirani yangu aliacha kimyakimya, sasa mdomo umepinda na mkono mmoja haufanyi kazi, na hicho alichokuwa anakitafuta hakukipata.

Na jogoo akishapanda mtungi usiende kumjaribishia Makambako. Mikoa yetu hii ndo iliyoongoza nchi nzima kwa virusi vya ukimwi, utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulikuta Njombe asilimia 11.4 ya watu wazima, Iringa 11.3, Mbeya 9.3. Mzee wa 60 haulizwi na mtu mambo ya kondomu, na yeye anajiona kapita umri huo. Kirusi hakiulizi kitambulisho.

Jambo lingine wengi hamlijui, mama naye amekoma hedhi, mwili wake unakuwa mkavu, anaumia, hasemi. Wewe unadhani anakukataa, yeye anadhani umemchoka. Vilainishi vipo duka la dawa. Muulize, ila muulize mchana, mkiwa mnapukuchua mahindi au mnachambua maharage, usimuulize saa ile ile ya shughuli.

Yule dogo wangu nimeshamwambia Jumamosi asile kitu toka usiku. Nitakuwa Nane Nane stendi saa 1 kasoro asubuhi nimevaa lile koti langu la kijani, tunakwenda kupima sukari na presha, mi narudia yangu. Anayetaka aje, bajaji inabeba watatu.

Mzee wenu, Uyole