Neema, panda tu hiyo Kosta

Ilala, Dar es Salaam

Mpendwa Neema,

Barua yako dada yako kaniletea juzi, nimeisoma nimesimama mlangoni. Swali lako ni moja tu ingawa umelizungusha kurasa mbili: Desemba uende Rombo na ukoo wa mumeo, watu wote wale ndani ya Kosta moja kutoka Iringa, au usingizie kazi? Na hapo hapo unaniambia mama mkwe ameshakuingiza kwenye grupu na ametuma picha ya kitenge cha sare. Mwenzangu, hapo huulizwi tena, umeshahesabiwa. Lakini kwa kuwa mimi nimetoka Ujiji na ukoo wetu mwezi wa nane, na miguu ndiyo kwanza imeacha kuvimba, acha nikusimulie, kisha uamue mwenyewe.

Bibi yetu unamjua. Baba yake alitoka Ujiji kwa treni enzi za Mwingereza kuja kubeba mizigo bandarini, bibi mwenyewe kazaliwa Kariakoo, lakini muulize kwao wapi, atakujibu Ujiji hujamaliza kufunga mdomo. Sasa baba mdogo wa kule alikuwa anamwoza kitinda mimba wake. Bibi akatangaza mambo mawili: tunakwenda wote, na tunakwenda kwa treni.

Vita vikaanzia hapo. Vijana walitaka tupande treni ya umeme mpaka Dodoma, ndani ya masaa manne umeshashuka, halafu tutafute basi. Mjomba Shabani alitaka basi tangu Dar kwa sababu ana rafiki mwenye mabasi (Mjomba Shabani ana rafiki mwenye kila kitu). Binamu yetu mmoja, yule mwenye kazi yake nzuri, akaandika kwenye grupu kwamba yeye atapanda ndege, tutamkuta huko huko. Hakuna aliyemjibu. Grupu likanyamaza kutwa nzima, wala ile picha ya maua ya "asubuhi njema" haikutumwa. Jioni akaandika: nilikuwa natania. Bibi hana simu ya grupu, anasomewa. Alipokwisha kusomewa yote akasema reli hiyo ilipofika Kigoma mwaka 1914 babu yake aliiona kwa macho, ndiyo iliyomleta baba yake Dar, na ndiyo itakayomrudisha yeye. Utabishana naye vipi, wakati mashahidi wake wote wako kaburini? Tukakata tiketi za treni ya kawaida, kilomita zaidi ya 1,200, usiku mbili njiani.

Wakanichagua mhazini nikiwa jikoni nakaanga vitumbua. Nilisikia makofi tu.

Hapa Neema nisikilize vizuri, maana ndiko kwenye adha yenyewe. Watu watakwambia taabu ya kusafiri na ukoo ni vyoo, ni watoto kutapika, ni kubanana. Hayo ni madogo. Taabu ni pale pesa inapokutana na adabu. Mchango tulipanga kwa kila kichwa, mtoto nusu. Haya, mtoto ni nani? Hamidu wa shangazi Mwajuma sauti imeshakuwa nzito, ndevu zinachungulia, mama yake anamlipia nusu nauli na ananiambia nikiulizwa niseme ndiyo kwanza yuko la tano. Nitamwambiaje shangazi kwamba anadaiwa? Mkubwa hadaiwi. Nikampigia mwanawe mkubwa, akasema nimuulize mkewe, mkewe akasema hela alishampa shangazi mwenyewe azilete, na shangazi akaniambia alizifanyia kitenge cha sare, kwani sare si ya safari hiyo hiyo? Wengine walituma pesa bila ya kutolea, makato yakabaki kwangu. Mjomba mmoja alichangia jogoo. Jogoo mzima, yuko hai, kanikabidhi mlangoni kamba mguuni na kuniambia nimwandike kwenye daftari. Nikamwandika.

Mizigo sitaieleza yote. Jua tu kwamba tulikuwa na mabegi ya shangazi kaja yasiyo na idadi, cherehani ya kumtunza bibi harusi, na godoro la sita kwa sita lililokunjwa likafungwa kamba na wanaume wanne, likafumuka stesheni mbele za watu. Jogoo alibaki Ilala, tulimla kwa wali siku ya kuamkia safari.

Treni ile, kama hujapata kuipanda, daraja la pili la kulala chumba kimoja kina vitanda sita, vitatu vitatu kila ukuta, wanawake kwao na wanaume kwao. Kwa hiyo mume wangu alikwenda na wajomba behewa la mbele huko, mimi nikakaa na bibi, na Bibi Mdogo ambaye ni mdogo wake, na mama, na mama mkubwa, na wifi yangu. Vitanda vya chini vya wazee, hilo halina mjadala. Mjadala ulikuwa cha katikati. Mama mkubwa ana goti, mama ana presha, na kila mmoja alikuwa anamsihi mwenzake akichukue kwa namna ambayo ukimwelewa vibaya na ukakichukua kweli, humalizi mwaka hujasikia habari yake. Vya katikati viko viwili, Neema! Vinawatosha! Lakini kimoja kilikuwa upande wa feni.

Na bibi hataki watu wahesabiwe. Anasema kuhesabu watu ni kuwaita maradhi. Basi kila stesheni kubwa anaita majina, nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio wa kuzaliwa, na kila aliyeitwa aitike, na asiyeitika anatumiwa mtoto wa kumfuata. Morogoro saa za usiku wa manane tunaitwa majina. Kuna abiria wa chumba cha pili, hata si ndugu yetu, mpaka tunafika Dodoma alikuwa ameshaingizwa kwenye orodha, akiitwa anaitika.

Saranda nikacheka mpaka nikalia. Unajua pale ndipo penye kuku, pale chini ya ule mlima wa Bonde la Ufa, treni ikisimama tu akina mama wamejaa madirishani na sinia kichwani. Tulikuwa tumekubaliana kwenye grupu, kwa maandishi, kwamba mhazini ndiye atakayenunua, kuku kadhaa wa wote, tusitupe hela. Treni kusimama, kila mtu kwa dirisha lake. Mjomba Shabani kanunua, mume wangu kanunua, Hamidu wa nusu nauli kanunua kwa hela ambayo mpaka leo sijui kaipata wapi. Mimi nimenunua wa watu wote kama tulivyoandika. Kilichofuata ni kula kuku kuanzia Saranda mpaka Itigi, kuku kwa ugali, kuku kwa chai, na vipapatio vimefungwa kwenye mifuko kana kwamba kuna njaa inakuja. Halafu pamoja na wingi wote huo, mapaja yalipokwisha kwenda kwa wazee na watoto, mimi nimekula shingo.

Sasa mazuri, maana nisije nikakutisha.

Mwanangu Idrisa nilimshika mara ya mwisho tuliposhuka kwenye bajaji pale stesheni. Nasema kweli. Kaogeshwa sijui na nani kwa maji ya chupa, kalishwa chumba cha tatu, kalala chumba cha kwanza, akaharibu kitu akachapwa kofi na shangazi, akabembelezwa na shangazi mwingine, yote hayo mimi niko kitanda cha juu nimejifunika khanga nasikiliza magurudumu. Wewe una wawili wadogo na kazi juu yake, unakumbuka lini mara ya mwisho ulilala mchana bila kusikiliza kwa sikio moja? Wifi yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyejua kwamba mtoto wa kaka ana homa kabla mama yake hajajua. Ukiwa peke yako na watoto safarini kila kitu ni chako. Kule hapana, hata lawama zinagawanywa.

Na kuna usiku wa pili. Reli ile ni njia moja, treni mbili haziwezi kupishana ila kwenye stesheni, kwa hiyo mara nyingine mnasimama mnangoja wenzenu wapite. Tabora tukafika usiku. Bibi akasema anataka kushuka. Tukamshusha, kila mtu anadhani anataka asali, na kweli asali alinunua, chupa mbili. Lakini alikaa pale nje muda mrefu kuliko wa kununua asali, anaangalia jengo, anaangalia watu. Tulipoondoka, taa zimezimwa, kila mtu yuko kitandani kwake, Bibi Mdogo akauliza kutoka chini kule: dada, ulimwona?

Nani? tukauliza sote.

Neema, bibi aliwahi kuolewa kabla ya babu. Na fundi cherehani wa Tabora. Miaka yote tuliyokaa na bibi, mama yangu mzazi aliyezaliwa na bibi, hakuna aliyekuwa anajua isipokuwa Bibi Mdogo, ambaye ndiye aliyepelekwa kumkalia dada yake siku za mwanzo za ndoa. Ndoa ilidumu mvua moja. Alikuwa mpole, akasema bibi, alikuwa anashona vizuri, lakini mama yake alikuwa anahesabu vijiko kila baada ya chakula, nami nikaona siwezi kuzeeka nahesabiwa vijiko, nikapanda treni. Mama mkubwa akawa anasema, mama, watoto wanasikia. Bibi akamjibu gizani: watoto gani? Huyu wa juu ana mvi. Huyo ndiye mimi.

Wakaendelea mpaka karibu na Uvinza. Nani alimpenda nani, shamba lipi liliuzwa kwa nini, mjomba yupi si wa baba mmoja. Nyumbani mambo hayo hayasemwi, na nadhani nimejua sababu. Nyumbani mazungumzo yakikolea kuna atakayekumbuka chungu jikoni, au atapigwa hodi. Kwenye treni hakuna wa kuondoka, na gizani vitanda vimepangwa juu kwa juu hamuonani nyuso. Mama yangu alikuwa anauliza maswali kama msichana. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akiwa mtoto wa mtu.

Ujiji penyewe sina mengi. Ndoa ilifungwa, ilipendeza, picha dada yako atakuonyesha. Ndugu wa Bujumbura walikuja kwa barabara kupitia Manyovu, wa Kalemie walivuka ziwa kwa boti, na kila aliyefika aliwekwa mbele ya bibi ajieleze ni wa nani, na bibi alimrekebisha. Tulilala kwenye mikeka tumepangwa, tukala migebuka kwa mawese mpaka vidole vikawa vya dhahabu. Vijana wakataka kwenda pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, pale alipokutwa na Stanley mwaka 1871, wanasema miembe iliyopo ilitokana na ule mwembe wenyewe. Bibi tukamchukua. Alipoelezwa habari yote akauliza, kwa hiyo watu wawili wamesalimiana hapa? Akaambiwa ndiyo. Akasema, sisi tumekuja wote hawa na tumesalimiana na kila mtu, mbona hatujengewi kitu.

Kurudi kulikuwa na ukimya wake. Shangazi Mwajuma na mama mkubwa walikuwa wamenuniana kwa ajili ya kitenge kilichobaki, na kwa bahati mbaya walipangwa chumba kimoja. Chupa ya chai ilikuwa ya mmoja, sukari ya mwingine. Nilipitisha chai na sukari Kigoma mpaka Dodoma, "mwambie kama anataka sukari ipo", "mwambie ahsante", wamekaa wanatazamana. Dodoma bibi alipoita majina wakaitika kwa pamoja na wakajisahau wakacheka, halafu wakakumbuka wakanuna tena. Sasa hivi wameshapatana, wananidai mimi mahesabu.

Kwa hiyo nenda. Nakwambia nenda bila kukuficha kwamba kuna wakati utatamani kushuka Kondoa urudi kwa miguu, kama mtapita njia ya Dodoma, au Chalinze kama mtazunguka huko, na hilo nina hakika grupu lenu linaligombania sasa hivi. Wakitaka kukuchagua mhazini, sema hesabu ulifeli, wala usione haya. Beba kikombe chako mwenyewe na kiandike jina. Usikimbilie dirishani, tafuta kiti karibu na mzee kuliko wote humo ndani, yule wanayemwona mzigo wa kubebwa, mpe maji, mfunike miguu, halafu subiri giza liingie. Ukoo umeolewa nao, lakini wewe hujaujua bado. Unamjua mumeo na chumba cha mama mkwe, basi.

Dada yako nimempa kilo mbili za dagaa wa Kigoma na chupa ya mawese akuletee. Mawese yafungue taratibu na juu ya beseni, maana kifuniko si chake, na khanga yangu moja imeshakuwa ya rangi ya machungwa kwa sababu hiyo. Wasalimie watoto na shemeji. Mama anakusalimu, anauliza umenenepa?

Ni mimi rafiki yako,
Mwanaidi