Tuzungumze Fedha Kabla Hujasafiri

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na furaha niliyoipata kusikia kwamba safari imeiva siwezi kuificha. Utakaa ugenini miezi minne. Hapo si mgeni wa wiki moja tena: utapika, utafua, utakatwa nywele, utanunua sabuni. Najua fedha hizo umezidunduliza miaka mingi, ndiyo maana nakuandikia habari zake kabla hujafunga mizigo.

Kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni swali moja utakaloulizwa na mashine. Ukilipa kwa kadi, au ukitoa fedha kwenye ATM, kioo kinaweza kukuuliza: ulipe kwa fedha ya nchi uliyopo, au kwa fedha ya kwenu? Fedha ya kwenu inavutia, kwa sababu unaielewa na kiasi unakiona papo hapo. Usiichague. Ukiichagua, anayebadilisha fedha ni mwenye mashine, na kiwango anajipangia mwenyewe. Mara nyingi tofauti yake ni asilimia kadhaa ya kila unachonunua. Ukichagua fedha ya pale, kazi hiyo inafanywa na mtandao wa kadi yako (kama Visa au Mastercard) na benki yako, na kwa kawaida inakuwa nafuu. Wauzaji wengine hubonyeza kabla hujaulizwa, kwa hiyo soma kioo kwanza, ndipo uweke namba ya siri. Ukiona imeandikwa fedha ya kwenu, omba wafute waanze upya. Usione haya, ni haki yako. Kwa miezi minne, ukinunua karibu kila siku, makato hayo madogo yanaweza kufikia nauli nzima.

Kwenye ATM kuna makato ya aina mbili: ya mwenye mashine na ya benki yako. Mengi hayaangalii umetoa kiasi gani, kwa hiyo kutoa kidogo kidogo kila siku ni hasara. Toa kinachotosha wiki, kingine kiache benki. Tafuta ATM iliyo kwenye tawi la benki, uziepuke zile zilizosimamishwa peke yake kwenye mitaa ya watalii. Kadi ya mkopo usiitumie kutolea taslimu, maana kwa kawaida riba huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Na maduka ya kubadilishia fedha yenye bango la "hakuna komisheni", tazama bei zao mbili. Kama wananunua kwa 95 na kuuza kwa 105, faida yao imo katikati ya namba hizo, hata kama hawakukati senti.

Beba kadi mbili za akaunti tofauti, moja pochini, nyingine mbali nayo kabisa. Waambie benki tarehe zako za safari. Kisha uliza jambo ambalo wengi hulisahau: ujumbe wenye namba ya uthibitisho unatumwa kwenye laini gani? Kama ni laini ya nyumbani, lazima iendelee kupokea ujumbe ukiwa nje, la sivyo hutaweza kulipia hata tiketi ya treni mtandaoni. Ukikodi gari, kampuni huweza kuzuia sehemu ya fedha kwenye kadi kama dhamana, na zikakaa siku kadhaa bila kutumika. Usitumie kadi yenye fedha yako ya chakula.

Dukani, wiki za mwanzo utakuwa unageuza kila bei kuwa ya kwenu. Ni sawa, inazuia mkono. Lakini ukishazoea, linganisha bei za pale kwa pale. Katika nchi za Umoja wa Ulaya kibandiko cha rafuni huonyesha pia bei ya kilo au lita, na hiyo ndiyo ya kutazama. Pakiti kubwa si lazima iwe rahisi. Ukipita Marekani, kumbuka kwamba sehemu nyingi kodi ya mauzo huongezwa kaunta, haimo kwenye bei ya rafuni.

Zawadi usizinunue mwezi wa kwanza, na sababu yangu si uzito wa mizigo tu. Mgeni anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya bidhaa anazoondoka nazo, ila ni lazima zitoke kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu baada ya mwezi wa kununua. Kwa likizo yako, kitu cha siku za mwanzo kinaweza kukaribia sana mwisho huo, au hata kuupita. Baadhi ya nchi hizo huweka pia kiwango cha chini cha manunuzi. Omba fomu dukani ukiwa na pasipoti, na bidhaa usizifungie kwenye begi utakalolikabidhi uwanja wa ndege kabla forodha hawajaziona na kuthibitisha fomu. England, Scotland na Wales usitegemee: tangu 2021 hawarudishi kodi kwa bidhaa unazobeba mwenyewe.

Sarafu zimalize kabla ya uwanja wa ndege, kwani maduka mengi ya kubadilishia fedha huchukua noti tu.

Ulizia benki yako makato ya kutumia kadi nje, kisha niandikie majibu yao pamoja na orodha ya nchi utakazopita, tukae tuzipigie hesabu pamoja kabla hujaondoka.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.